Nukta nyekundu ya kwanza kwenye bastola ndogo: bamba la kiwandani, slaidi ya kuchongwa, kibebeo cha nyuma, au ubaki na chuma

Mtu akishaamua kuweka kilengeo cha nukta nyekundu, yaani kifaa cha kioo kinachoonyesha nukta ya mwanga ya kulengea, kwenye bastola yake ndogo, maswali yote huelekea kwenye kioo: kampuni ipi, nukta ya ukubwa gani, betri inadumu muda gani. Ila kinachoharibu kazi mara nyingi si kioo. Ni kiungo kati ya kioo na slaidi (kipande cha juu cha bastola kinachokwenda nyuma na mbele), yaani skrubu mbili nyembamba zilizobeba kifaa cha gramu thelathini na kitu, ambacho hurushwa nyuma na kurudishwa mbele kwa kila risasi. Kwa mmiliki aliyeko Tabora mjini, Nzega, Kasulu au Ujiji, kiungo hicho ni cha kufikiriwa mara mbili. Fundi wa silaha mwenye leseni hayuko mtaa wa pili, na skrubu moja iliyokosewa urefu inaweza kukuweka wiki nzima ukisubiri nyingine.

Njia za kukifunga ni tatu. Ya nne ni kutokifunga kabisa na kubaki na chuma, yaani vilengeo vya chuma vilivyokuja na bastola, nayo inastahili kupimwa sawasawa na zile tatu, kwa sababu wapo ambao ndiyo inayowafaa.

Tuanze na karatasi. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, bastola yako inajulikana polisi kwa aina yake na namba zake. Kufunga kilengeo kwenye matundu yaliyotoka kiwandani hakugusi chuma. Kukata slaidi, kuipeleka kwa mtu mwingine ikafanyiwe kazi, au kuagiza slaidi ya pili kutoka nje ni habari nyingine: slaidi ni sehemu ya silaha, na kwenye bastola nyingi, Glock zikiwamo, namba imepigwa hapo hapo juu yake. Uliza kwanza ofisi ya polisi inayoshughulikia leseni yako, na jibu lipate kwa maandishi. Hata kilengeo chenyewe ukikiagiza, uliza kinaingizwa nchini kwa utaratibu gani kabla hujalipa.

Vipimo tutakavyotumia

Kila njia tutaipima kwa mambo yale yale. Kwanza, inavyoshika: nguvu ya mrudisho inabebwa na nini, skrubu peke yake au vijino (vipande vidogo vya chuma vinavyochomoza kwenye slaidi) na kingo za chuma? Pili, urefu wa nukta juu ya mtutu, maana kadiri inavyopaa ndivyo mkono unavyotafuta zaidi, na ndivyo risasi inavyopiga chini ya nukta kwenye umbali mfupi. Tatu, kama vilengeo vya chuma vinabaki na vinaonekana kupitia kioo betri ikifa. Nne, uzito unaoongezeka kwenye slaidi. Tano, urahisi wa kutendua na kupata vipuri ukiwa huku magharibi. Kisha nani inamfaa.

Bei hatukuipa kichwa chake. Inategemea mno nani anakuletea na kwa njia gani, na tofauti ya bei kati ya njia hizi haifikii hasara ya kununua mara mbili.

Slaidi yenye nafasi kutoka kiwandani

Hii ni bastola iliyouzwa ikiwa na kifuniko kidogo nyuma ya slaidi. Ukikifungua unakuta nafasi na matundu ya skrubu. Glock walianza kuuza aina hizi kwa jina la MOS mwaka 2015, na leo CZ, Canik, SIG na wengine wanazo. Ndani yake kuna makundi mawili, na usiyachanganye.

Kundi la kwanza hutumia bamba la kati. Glock 19 MOS, kwa mfano, huja na mabamba yenye namba. Namba 02 ndilo la kilengeo cha Trijicon RMR, na kile cha Holosun 507C hukaa juu yake pia kwa kuwa mpangilio wa matundu ni uleule. Kundi la pili ni bastola nyembamba ambazo kilengeo hukaa juu ya slaidi moja kwa moja. Glock 43X MOS na SIG P365XL zimechongwa kwa mpangilio wa matundu wa kilengeo kidogo cha Shield RMSc. Hapa ndipo wengi wanaponaswa: Holosun 507K hufanana na RMSc, lakini haina vishimo vya nyuma vya kupokea vijino. Kwenye P365XL itakaa. Kwenye 43X MOS vijino viwili vya nyuma vitaikataa, mpaka uvisage au utafute bamba la kati. Kusaga vijino ni kuigusa slaidi, kwa hiyo unarudi kwenye lile suala la karatasi. Ukinunua kwa kuangalia picha tu, mzigo utafika Tabora na hautakaa.

Inavyoshika: vizuri, kwa sharti kwamba bamba liwe la chuma cha pua na limekaa bila kucheza. Udhaifu wake ni unene wa bamba. Likiwa jembamba, skrubu hupata mizunguko michache tu ya uzi, na mizunguko michache hulegea. Kosa la pili ni skrubu ndefu: inagota chini kabla kichwa hakijabana kilengeo, bisibisi inasema imekaza, kumbe imekaza hewa. La tatu ni baya zaidi. Kwenye slaidi kadhaa tundu la upande wa kulia liko juu ya njia ya springi ya kitoa ganda. Skrubu ikizidi urefu inaibana springi hiyo, na bastola inaanza kuacha maganda chemba. Mwenye bastola atalaumu risasi.

Urefu ni wa kati. Bila bamba hushuka vizuri, na likiwapo hupaa milimita chache. Vilengeo vya kawaida mara nyingi havionekani kupitia kioo chenye bamba, hivyo utahitaji virefu. Kwenye aina ndogo za moja kwa moja, mara nyingine vile vile vya kiwandani huchungulia chini ya kioo. Uzito si tatizo, kwani kiwanda kimeshaondoa chuma kidogo pale juu. Kutendua ni dakika kumi: fungua skrubu, rudisha kifuniko, umerudi ulipokuwa. Kwa mtu aliye mbali na fundi sifa hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika dukani.

Inamfaa anayenunua bastola sasa, au ambaye tayari anayo yenye kifuniko hicho. Inamfaa pia asiyejua bado kama ataipenda nukta.

Kuchonga slaidi uliyonayo

Bastola ya kawaida inapelekwa karakana, slaidi inachongwa kwa mashine ya kompyuta hadi kilengeo kimoja maalumu kiingie kama droo kwenye kabati.

Kwa kushika, hakuna inayoizidi. Kingo za chuma mbele na nyuma ndizo zinazopokea mrudisho, skrubu zinabaki na kazi ya kuzuia kilengeo kisinyanyuke. Urefu wa nukta ni wa chini kuliko njia zote, na vilengeo vya chuma huonekana kwa urahisi zaidi, ingawa kwenye slaidi fupi kile cha nyuma huweza kuondolewa au kuhamishwa mbele ya kioo. Uzito nao hujisawazisha: chuma kilichotoka kinakaribia kufidia kilichoingia.

Lakini tuseme ukweli kuhusu mahali. Slaidi imepashwa moto ikawa ngumu na juu yake imewekwa ngozi ya kuzuia kutu. Inahitaji visu vya kabaidi, mshikio uliotengenezwa kwa slaidi hiyo, na vipimo vya sehemu za mia za milimita. Karakana nzuri ya kuchonga shafti za mashine za kukoboa au bushi za trekta si lazima iweze kazi hii, na bila kibali haipaswi kuigusa hata ikiweza. Kisu kikizama kupita kiasi kinatoboa njia ya springi ya kitoa ganda au ya pini ya kugonga, na slaidi hiyo imekwisha. Bastola nyembamba sana hazina hata unene wa kukatia.

Jambo jingine linaloachwa: pale kisu kilipopita, ngozi ya kuzuia kutu imeondoka. Isipopakwa upya, kwa unyevu wa kando ya Ziwa Tanganyika kutu huanzia chini ya kilengeo, mahali usipopaona. Dhamana ya kiwanda nayo mara nyingi hukoma hapo. Na nafasi iliyochongwa kwa RMR haitapokea tena aina nyingine bila kukatwa upya. Kutendua hakupo.

Inamfaa aliyekwisha kuitumia nukta kwa muda, anayejua kilengeo anachokitaka, mwenye njia halali ya kufikisha slaidi kwa fundi mwenye leseni, na mwenye bastola nyingine ya kutumia wakati huo. Kwa nukta ya kwanza, watu wa namna hiyo si wengi.

Kibebeo kwenye mfereji wa nyuma

Unagonga kilengeo cha nyuma kitoke, unaingiza kibebeo kwenye mfereji ule ule, unakibana kwa skrubu, kisha kilengeo cha nukta kinafungwa juu yake. Hakikati chochote, na ni cha bei nafuu.

Kinashika kwa mfereji mmoja mwembamba, huku uzito wote uking'ang'ania juu yake. Kila mrudisho unakitikisa, na kila unapovuta slaidi kwa kushika kilengeo unaongeza mzigo huo huo. Vibebeo vya alumini hulegea au hupinda mapema. Vya chuma huvumilia zaidi. Nukta inapaa juu kuliko njia zote. Chukua mfano: nukta iliyo sentimita 2 juu ya mtutu, ikilengwa kwa mita 25, itapiga karibu sentimita 1.5 chini ya nukta ukiwa mita 3. Ikiwa sentimita 3 juu, tofauti hiyo inakuwa karibu 2.4. Si nyingi kwenye karatasi kubwa, lakini kubwa zaidi ni mkono: uliozoea chuma utainua bastola na kukuta kioo kitupu, kwa sababu mdomo unatakiwa ushuke zaidi ya mazoea.

Akiba ya chuma inapotea. Kilengeo cha nyuma kimeshatoka, kwa hiyo betri ikifa unabaki na kilengeo cha mbele na bahati. Baadhi ya vibebeo vina mfereji mdogo wa kulengea nyuma yake. Ni bora kuliko kukosa kabisa. Uzito nao unaongezeka wote, kwa kuwa hakuna chuma kilichoondoka. Slaidi fupi yenye springi iliyopimwa kwa uzito wake wa awali huanza kwenda polepole, na risasi dhaifu zinaweza zisiisukume mpaka mwisho. Kilengeo cha gramu 28 kama 507K husamehewa. ACRO P-2 ya gramu 60 juu ya kibebeo, kwenye bastola ndogo, ni kuitafutia matatizo.

Sifa yake ni kutendua. Ukirudisha kilengeo cha nyuma mahali pake, ukahakikisha kimerudi kwenye alama uliyoweka kabla ya kukitoa, bastola ni ile ile. Inamfaa anayetaka kujaribu uwanjani tu, au mwenye bastola ya .22 yenye mrudisho mdogo. Bastola ya kujilindia tusingeiwekea, na hapo tunajua wapo watakaobisha.

Kubaki na chuma

Hapa hakuna cha kulegea, hakuna betri, hakuna urefu wa ziada wala uzito. Kama kilengeo cha mbele hukioni vizuri, badilisha hicho peke yake: kipana kidogo chenye rangi ya chungwa au kijani mchana, au chenye tritiamu kinachong'aa gizani. Cha nyuma kiache cheusi.

Chuma hakimtoshi nani? Mtu aliyevuka miaka arobaini, ambaye macho yake hayakazi tena kwenye kitu kilicho urefu wa mkono. Kwa chuma lazima jicho likae kwenye kilengeo cha mbele. Kwa nukta jicho linabaki kwenye shabaha. Hiyo ndiyo faida halisi ya nukta, nyingine ni nyongeza. Kinamfaa anayevaa bastola lakini hapati uwanja wa kufyatua mara kwa mara, kwa sababu nukta isiyofanyiwa mazoezi ni ya polepole kuliko chuma kilichozoeleka.

Kuna jaribio la kufanya kabla hujatoa hela. Omba kuangalia kupitia nukta ya mtu. Ukiona imechanua kama nyota au ina mkia, ipige picha kwa simu kupitia kioo. Kama kwenye picha ni duara safi, tatizo liko kwenye jicho lako, na kilengeo cha bei kubwa hakitalitibu. Punguza mwanga wake, jaribu ukiwa na miwani yako, au jaribu cha kijani. Wengine huona nafuu.

Wazi au kisanduku

Njia yoyote kati ya zile tatu utakabiliwa na chaguo hili. Kilengeo cha wazi kina taa ndogo nyuma inayotupa nukta kwenye kioo kimoja cha mbele. Vumbi la Tabora la Julai hadi Oktoba, au nyuzi za shati, likitua juu ya taa hiyo, nukta inachakaa au inapotea. Tone la mvua hufanya vivyo hivyo. Kisanduku kilichofungwa, kama ACRO au Holosun EPS, kinakingia taa ndani. Unafuta kioo kwa kidole na kuendelea. Ni kizito zaidi na huwa na bei zaidi. Kigoma wakati wa masika, ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, vyote viwili huingia ukungu kwenye kioo cha nje, kwa hiyo usinunue kisanduku kwa kutegemea hakitashika ukungu.

Angalia na betri. CR2032 ndiyo iliyomo kwenye ubao mama wa kompyuta na rimoti nyingi za magari, hivyo haisumbui kuipata. CR1632 ya 507C na CR1620 ya EPS agiza za akiba pamoja na kilengeo. RMR ya kawaida betri yake iko chini: kuibadilisha ni kufungua kilengeo chote na kukihakiki tena uwanjani. Badilisha kila Nanenane hata kama bado inawaka.

Kufunga chenyewe

Toa magazini, fungua chemba, itazame na uiguse kwa kidole, halafu zipeleke risasi chumba kingine. Vua slaidi.

Jaribu skrubu kwanza bila gundi. Kilengeo kikiwa juu na skrubu zimeingia, pitia upande wa chini kwa tochi na usukume kitoa ganda kwa kidole: kiende na kurudi kama kilivyokuwa kabla. Kikigoma, skrubu ni ndefu. Usiikate kwa msumeno ukiwa na haraka. Tafuta ya urefu sahihi, au isage taratibu huku ukiipima.

Ondoa mafuta kwenye uzi wa skrubu na kwenye matundu kwa spiriti, acha vikauke. Tia tone dogo la gundi ya skrubu ya buluu kwenye uzi. Usitumie nyekundu, maana hiyo itadai moto ndipo ifunguke, na moto utaua taa. Kaza kwa zamu, nusu mzunguko huku na nusu kule, ukitumia bisibisi yenye kipimo cha nguvu na ncha ya nyota T10 au ile iliyokuja na kilengeo. Kiwango kiko kwenye karatasi ya mtengenezaji. Kwa wengi ni inchi-pauni 12 hadi 15, sawa na nyutoni-mita 1.4 hadi 1.7. Mkono mtupu karibu kila mara huzidisha, na skrubu hizi hukatika shingo. Acha saa 24.

Mwisho chora mstari wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha skrubu hadi mwilini mwa kilengeo. Mstari ukikatika, skrubu imezunguka. Duka lolote la vipodozi linayo.

Kulenga kunafanywa kwenye uwanja unaoruhusiwa, si shambani. Kabla ya kwenda, panga vilengeo vya chuma kama kawaida, kisha sogeza nukta ikae juu ya ncha ya kilengeo cha mbele, utaanza karibu. Fyatua tano kwa kuegemea kitu ukiwa mita 10, sahihisha, kisha mita 25. Vilengeo vingi husogea MOA 1 (kipimo kidogo cha pembe) kwa kila mlio wa skrubu ya kurekebishia, yaani milimita 2.9 kwa mita 10 na karibu milimita 7 kwa mita 25. Kundi likiwa sentimita 7 chini kwa mita 25, ni milio 10 kuelekea mshale wa juu. Rekebisha kwa kufuata kundi, usikimbize risasi moja moja. Ukiona kundi linahama kila mara bila sababu, acha kugusa marekebisho na urudi kwenye ule mstari wa rangi ya kucha.

Mkoba wa bastola wa kiunoni pia utakataa kufunga. Fundi viatu mzuri anaweza kuukata ngozi ya juu upishe kilengeo, ila asiguse sehemu inayofunika kifyatulio.

Ukiwa katika hali hii

Unanunua bastola ya kwanza na bado hujui: chukua yenye nafasi ya kiwandani, itumie na chuma kwanza, nukta ije baadaye. Unayo tayari yenye nafasi: thibitisha mpangilio wa matundu kwa jina kamili la bastola na la kilengeo, nunua bamba la chuma na skrubu za urefu mbili. Kwa kazi ya vumbi, mfano kambi za Ugalla au ununuzi wa tumbaku vijijini, lipia kisanduku.

Bastola yako haina nafasi, na unaitegemea kila siku: baki na chuma chenye kilengeo kipya cha mbele, au kamilisha kibali cha kubadilisha silaha yenyewe, kabla ya kufikiria kuchonga. Haina nafasi, na unataka tu kuonja uwanjani: kibebeo cha chuma cha pua, kilengeo chepesi, na ukitoka uwanjani rudisha vilengeo vyako.

Unaifahamu nukta na slaidi yako ina unene: chonga, polisi wakiwa wameshakujibu na fundi ameahidi kupaka upya chuma kilichokatwa. Mwambie pia akuachie milimita za kutosha mbele ya kioo kwa kilengeo cha nyuma, kwa kuwa hilo ni la kuomba kabla mashine haijawashwa.